Gari Likivuta Upande au Kutetemeka: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Vipuri

Haya ni maneno ya mkaguzi wa mitambo wa kaunti aliyoyatoa mjini Voi mbele ya wamiliki wa magari, madereva na mafundi. Yamechapishwa hapa kwa faida ya wakaazi ambao hawakuweza kufika.

 

Leo nitazungumzia maradhi mawili ya gari kuukuu. La kwanza ni gari kuvuta upande, yaani dereva akilegeza mikono linaondoka kwenye mstari. La pili ni gari kutetemeka likishika kasi ya barabara kuu. Nimechagua haya mawili kwa sababu wengi wetu tumeyazoea. Mtu anakaza mkono wa kulia kutoka Maungu hadi Mariakani, anafika amechoka bega, kesho anarudi vivyo hivyo. Mwingine akifika kilomita 90 kwa saa anahisi usukani unacheza, basi anapunguza mwendo hadi 80, mtetemo unatulia, naye anadhani tatizo limekwisha.

Ndugu zangu, halijakwisha. Mara nyingi chanzo ni kitu kidogo, kama upepo wa tairi au tope lililogandia ndani ya rimu. Lakini mara nyingine ni boljointi iliyo karibu kuchomoka, au tairi ambayo nyuzi zake za ndani zimeachana. Ukiwa ndani ya gari huwezi kujua ni lipi kati ya hayo, kwa kuwa dalili zinafanana. Tena barabara yetu ya Mombasa ina malori marefu yanayotujia upande wa pili, na pahali pengi hakuna ukingo wa kuyatenganisha na sisi. Gurudumu likigoma ghafla pale, hakuna nafasi ya kujirekebisha.

Liko pia jambo la mfuko. Nimeona mwenye gari aliyebadilisha raki ya usukani, akanunua tairodi endi mbili, akalipia alaimenti mara mbili, na gari likaendelea kuvuta kushoto. Mwishowe fundi mmoja alibadilishana tairi za mbele, ya kushoto akaiweka kulia na ya kulia kushoto, na gari likaanza kuvuta kulia. Tairi moja ndiyo iliyokuwa mbovu. Pesa zilizotumika zilikuwa za karo ya shule. Ndiyo maana nasema: mpelekee fundi dalili, usimpelekee jina la kipuri.

Maswali manne ya kujiuliza

Kabla ya kufungua hata nati moja, chukua karatasi ujibu maswali manne.

Swali la kwanza: tatizo linaanza kwa kasi gani, na linaisha kwa kasi gani? Swali la pili: unalihisi wapi, kwenye usukani, kwenye kiti, au kwenye kanyagio la breki? Swali la tatu: mguu wako uko wapi wakati huo, kwenye mafuta, kwenye breki, au umeutoa? Swali la nne: lilianza lini, na kabla ya hapo kulifanyika nini? Uliziba pancha? Uligonga shimo? Ulibadilisha tairi? Ulivuka mto wenye tope?

Majibu hayo manne yanapunguza kazi ya fundi kwa zaidi ya nusu. Usukani ukitetemeka, mara nyingi chanzo kiko kwenye magurudumu ya mbele. Kiti na sakafu vikitetemeka huku usukani umetulia, angalia magurudumu ya nyuma, au propela shafti kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Mtetemo ukija tu unapokanyaga breki, angalia diski au madramu. Ukija unapokanyaga mafuta kupanda mlima na kupotea unapoachilia, angalia ekseli na jointi zake za ndani, au krosi za propela shafti. Na kama gari linatetemeka hata likiwa limesimama injini inaponguruma, basi shida iko kwenye injini yenyewe au mpira unaoishikilia, na magurudumu hayahusiki.

Kwa nini mtetemo una kasi yake

Wengi wameniuliza kwa nini gari liwe tulivu kwa kilomita 60, litetemeke kwa 95, kisha pengine litulie tena kwa 115. Tuchukue gari dogo lenye tairi za 175/65R14. Mzunguko mmoja wa tairi hiyo ni kama mita 1.8. Kwa kilomita 90 kwa saa gari linakwenda mita 25 kila sekunde, kwa hiyo gurudumu linazunguka karibu mara 14 kwa sekunde moja. Kama upande mmoja wa rimu umezidi uzani kwa gramu 30 tu, nguvu inayolivuta gurudumu huku na huku kwa kasi hiyo ni sawa na uzito wa karibu kilo 4. Kasi ikipungua nusu, nguvu hiyo inapungua hadi robo, kama kilo moja. Ndiyo maana huisikii mjini.

Tena springi, bushi na usukani vina mwendo wao wa kucheza, kama bembea ya mtoto. Ukiisukuma bembea kwa wakati wake, inapanda juu zaidi. Kasi ya gurudumu ikilingana na mwendo huo, mtetemo unakua, ikipita, unapungua. Kupotea kwa mtetemo kwa kasi kubwa hakumaanishi gari limepona. Na nikumbushe kwamba matatu na malori yamewekewa kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Mtu asitoke hapa akaenda kujaribu gari lake kwa 120.

Anza na kisicho na gharama

Fuateni mpango huu, kutoka rahisi kwenda ghali, bila kuruka hatua.

Kwanza, upepo wa tairi. Gari huvutia upande wa tairi yenye upepo mdogo. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, kwani zikishatembea kwenye lami ya joto presha inapanda, na ukitoa upepo wakati huo utakuta kesho umepungua mno. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Magari mengi yetu yametoka Japani na kibandiko kimeandikwa Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka. Ukiona 220, hizo ni kilopaskali, sawa na pauni 32 hivi. Vibandiko vingine vina vipimo viwili, cha abiria wachache na cha mzigo kamili. Anayebeba magunia ya ndizi na mboga kutoka Wundanyi atumie cha mzigo.

Pili, nati za gurudumu. Kama mtetemo ulianza baada ya kuziba pancha, hapa ndipo pa kuanzia. Nati hukazwa kwa kurukana, moja juu, inayofuata chini upande wa pili, kama unayechora nyota, ili rimu ikae sawa. Kabla ya kurudisha gurudumu, kwangua kutu na tope pale rimu inapogusana na habu, kwani chembe ndogo hapo hulipinda gurudumu lote. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zikaze tena. Na kama umeweka rimu za kununua ambazo tundu lake la katikati ni kubwa kuliko habu, unahitaji ringi za kujaza nafasi hiyo. Bila ringi, gurudumu haliko katikati, na kusawazisha uzani hakutasaidia.

Tatu, angalia tope ndani ya rimu. Baada ya mvua, udongo wetu mwekundu unajaza upande wa ndani ambao huuoni, kisha unakauka kama tofali. Osha, ujaribu tena. Angalia pia kama kile kipande kidogo cha madini cha kusawazisha uzani kimedondoka. Utaona alama safi pale kilipokuwa.

Nne, isome tairi yenyewe. Ikiliwa katikati, ilijazwa upepo kupita kiasi. Ikiliwa kingo zote mbili, ilikosa upepo. Ikiliwa ukingo mmoja tu, mwelekeo wa gurudumu si sahihi. Ikiwa na mabonde kama vikombe, shoka zimechoka au uzani hauko sawa. Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi: ukisikia laini ukienda upande mmoja na makali ukirudi, alaimenti imetoka. Na ukiona uvimbe ubavuni au juu, tairi hiyo isirudi barabarani hata kwenda gereji. Tairi iliyoachana nyuzi hujionyesha hata kwa mwendo wa kilomita 15 au 20: gari linachechemea na usukani unayumba polepole kushoto na kulia.

Someni pia umri. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne. Ukiona 2319, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jua letu hukausha mpira. Watengenezaji wengi wanashauri tairi iliyofika miaka 10 itolewe hata kama meno bado yapo. Wale wanaonunua tairi zilizotumika, tazameni tarakimu hizo kabla ya kutoa pesa.

Gari linavuta: ni barabara, tairi, breki au chasisi?

Barabara zetu zimeinuliwa katikati ili maji yateremke pembeni. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, gari zima linaweza kuelea kushoto polepole. Hilo ni la kawaida. Tafuta uwanja mpana ulio bapa, au sehemu ya barabara iliyolala upande wa kulia. Gari likifuata mteremko kila mara, lina afya. Likivuta upande uleule bila kujali mteremko, lina tatizo. Usihamie upande wa wanaokuja ili kufanya jaribio hili.

Kisha fanya lile jaribio la kubadilishana tairi za mbele, kushoto kwa kulia. Kuvuta kukihamia upande wa pili, tatizo ni tairi. Kukibaki palepale, tairi haina kosa. Kukipotea, bado ni tairi, ila mfumo wake ulikuwa unategemea upande. Kama tairi zina mshale ubavuni unaoonyesha mwelekeo wa kuzunguka, usizihamishe upande. Badilishana ya mbele na ya nyuma za upande uleule.

Sasa breki. Endesha dakika kumi bila kukanyaga breki sana, simama pahali salama, usogeze kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa chuma. Moja likiwa na joto kuliko mengine, breki yake inabana, au beringi yake inakufa. Kalipa iliyoshika kutu huvuta gari upande wake muda wote. Lakini gari likivuta unapokanyaga breki tu, msikimbilie kulaumu upande linakovutia. Huenda upande huo ndio unaofunga vizuri, na ule mwingine ndio uliogoma. Kagueni zote mbili. Na pedi zibadilishwe kwa jozi, kushoto na kulia pamoja.

Ukiona gari linahama upande mmoja unapokanyaga mafuta na upande wa pili unapoachilia au kufunga breki, angalia bushi za mkono wa chini wa mbele. Mpira ukichanika, gurudumu linasogea mbele na nyuma, na gari linabadilisha njia lenyewe.

Kuinua gari bila kupoteza uhai

Hatua inayofuata inahitaji jeki. Nawaomba sana, na hasa vijana wanaojifunza kazi: usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Liweke kwenye stendi za chuma, juu ya ardhi ngumu, na uzuie magurudumu yaliyobaki chini. Tofali la saruji hupasuka bila kutoa taarifa.

Gurudumu likiwa juu, lishike kwa juu na chini, ulitikise. Likicheza, ni beringi au boljointi. Mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, ni boljointi. Kisha lishike kushoto na kulia, kama saa tatu na saa tisa ya uso wa saa. Likicheza hapo tu, ni tairodi endi au raki. Mwisho lizungushe kwa mkono usikilize. Mlio kama wa mawe kinuni ni beringi. Ukiona rimu inapanda na kushuka, imepinda. Magari mengi hupata hilo kwenye mashimo na matuta yasiyo na alama.

Kwa matatu na pikapu zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, shika propela shafti uizungushe kidogo. Krosi ikicheza au ikiwa na kutu nyekundu pembeni, imekwisha. Shafti iliyogongwa au kupoteza kipande chake cha kusawazisha nayo hutetemesha sakafu yote.

Alaimenti ni ya mwisho

Watu wengi huanza na alaimenti, na hapo ndipo pesa hupotea. Kupima pembe za gurudumu linalocheza ni kama kupima urefu wa mtoto anayerukaruka. Tengeneza kilicholegea kwanza, ndipo uende kwenye mashine.

Ukifika huko, jua unacholipia. Kuna pembe tatu. Ya kwanza ni kama nyayo zako zimeelekea ndani au nje. Hiyo hula tairi haraka, lakini kwa kawaida haivuti gari. Ya pili ni gurudumu kuinama ndani au nje kwa juu. Gari huvutia upande ulioinama nje zaidi. Ya tatu ni mlalo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia. Gari huvutia upande ambao mlalo huo ni mdogo. Magari mengi madogo yanarekebishwa ile ya kwanza tu kwa urahisi. Hizo mbili nyingine zikitofautiana sana kushoto na kulia, maana yake kuna kitu kimepinda au kimechakaa. Omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada, uiweke. Usukani ukikaa kombo lakini gari linakwenda sawa, hiyo ni kazi ya alaimenti, na wala si ya kubadilisha raki.

Kusawazisha uzani ni kazi nyingine kabisa, inayogharimu mamia machache ya shilingi. Inatibu mtetemo; haitibu kuvuta. Na alaimenti haitibu mtetemo. Mtu akikuuzia moja kwa ugonjwa wa nyingine, muulize swali.

Wakati wa kutoendelea na safari

Simama, usiendelee, ukiona mojawapo ya haya: gari limeanza kuvuta ghafla katikati ya safari; tairi ina uvimbe; nati imelegea au haipo; usukani una mlio wa kugonga na una uwazi mkubwa kabla magurudumu hayajageuka; au gurudumu lina moto na harufu ya kuungua. Dereva wa matatu, najua abiria watalalamika na tajiri atapiga simu. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari lililo barabarani liwe katika hali nzuri, na dereva akiendesha gari bovu anahusika pamoja na mwenye gari. Tajiri aliye hapa, nawe umesikia. Dereva akikuambia gari linatetemeka, usimjibu kwamba wa zamu ya jana hakulalamika.

Jambo la mwisho kwa wanaoteremka kutoka Wundanyi kwenda Mwatate. Kona zile ndizo zinazochosha diski za wengi. Ukishuka na gia kubwa huku mguu umekaa kwenye breki, diski zinapata moto kupita kiasi, uso wake unakuwa na unene usiolingana, na wiki ijayo usukani unatetemeka kila ukifunga breki. Shuka na gia ndogo, injini ikusaidie kushika gari, na breki uikanyage kwa vipindi.

Basi, ndugu zangu, kwa ufupi: andika dalili, pima upepo, kaza nati, osha rimu, isome tairi, badilishana magurudumu, sikia joto la breki, tikisa gurudumu, ndipo usawazishe uzani na kupeleka alaimenti. Hatua za mwanzo zote utazifanya nyumbani asubuhi moja, ukiwa na kipimo cha upepo na spana ya magurudumu.

Nje hapo kuna gari limeinuliwa kwenye stendi, na tairodi endi moja imechakaa. Mafundi wataonyesha. Kila mtu apite alitikise gurudumu kwa mkono wake, ili siku ukilikuta kwako ulitambue. Maswali nitayajibu hukohuko.